Ua Lisiloliwa: Je, Ni Haki Kulitunza Ukimbizini?



Wengi wetu tunalijua lile ua jekundu, la duara kama mpira, linalochomoza udongoni hapa Kigoma mvua za kwanza zinaponyesha. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Chini yake kuna kitunguu. Baadhi ya familia zetu zimelipanda kwenye makopo mlangoni, na hapo swali limezuka: je, ni haki kulitunza ua lisiloliwa, ilhali maji tunayapangia foleni na hatujui kama mwakani tutakuwa hapa?

Tusijibu haraka. Ndoo moja ya maji ni jasho la mama au mtoto. Lakini ua hili halimnyang'anyi mtu. Majani yake yakikauka wakati wa kiangazi, halitaki maji. Ukilimwagilia, kitunguu kinaoza. Linataka kopo lenye matundu chini, kivuli kidogo, na kuachwa. Mvua zikirudi ndipo tunaanza tena kulimwagilia. Tuangalie jambo moja: kitunguu chake kina sumu kwa watu na mifugo. Kisiwekwe karibu na vitunguu vya jikoni, wala watoto na mbuzi wasikifikie.

Wengine kati yetu husema: "Basi hili ni fundisho, mkimbizi naye avumilie kama kitunguu." Hapo hatukubaliani. Kitunguu hukaa kiangazi kizima bila maji kwa sababu kimejiwekea akiba; mtoto mwenye njaa hana akiba hiyo. Kumwambia mwenye shida angoje msimu wake, nasi tunacho cha kumgawia, si kumfundisha subira; ni kumtupa.

Fundisho sisi tunaliona kwenye majani. Ua likinyauka, majani hubaki, hayana uzuri wa kusifiwa, na mtu hutamani kuyakata. Kumbe ndiyo yanayolisha kitunguu kwa ajili ya ua la mwaka ujao. Anayeyakata yangali mabichi anajinyima mwenyewe.

Na kama tutaondoka kabla halijachanua? Nabii Yeremia aliwaandikia waliohamishwa Babeli wajenge nyumba na kupanda bustani, ingawa aliwaambia pia kwamba kurudi kupo, baada ya miaka 70. Kwa hiyo kutunza kitu mahali pa kupita si kusahau nyumbani. Kitunguu kikizaa vitoto, kimoja tumpe jirani. Tukiondoka, kitachanua mlangoni kwake, na kazi yetu haitakuwa ya bure.

Basi, maji ya mgonjwa yawe ya kwanza, ya jikoni yafuate, na ya ua yawe ya mwisho. Lakini tusione aibu kuwa nalo.

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote.