Kodi ya Wadogo, Jina la Mkubwa

Historia ya majumba ya maduka kwenye vitongoji vya Nairobi husimuliwa kama tarehe za wafalme: nani kaanguka, nani karithi kiti. Sarit Centre ya Westlands, iliyofunguliwa mwaka 1983, ilikuwa na Uchumi kwa miaka mingi kama mpangaji mkuu, supamaketi iliyoanzishwa kwa fedha za umma mwaka 1975. Leo nafasi hiyo ni ya Carrefour, jina la Kifaransa linaloendeshwa nchini na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai. Thika Road Mall iliiondoa supamaketi ya Nakumatt mwaka 2017 kwa malimbikizo ya kodi, na Carrefour hiyo hiyo ikaingia. Westgate iliipoteza Nakumatt, ikaipata Shoprite ya Afrika Kusini mwishoni mwa 2018, na kabla ya miaka mitatu kwisha Shoprite nayo ilikuwa imefunga virago na kuondoka Kenya. Kampuni hizo mbili zilikuwa zimekwisha kupokezana nafasi ya namna hiyo Mlimani City, Dar es Salaam, mwaka 2014. Yote hayo ni kweli, lakini simulizi hiyo inamwacha nje mtu ambaye, kwa maoni yangu, ndiye hasa anayelibeba jumba: mpangaji mdogo mwenye duka la dawa, la miwani au la viatu. Mkubwa anapoanguka, huyu ndiye anayelipia anguko ambalo hakulisababisha.

Tuangalie kodi inavyopangwa. Anayetaka kujenga jumba huenda benki, na benki humuuliza kwanza ni supamaketi gani imekubali kuingia. Supamaketi ikijua kwamba bila saini yake mkopo hautoki, hujadiliana ikiwa na nguvu zote na hupata nafasi pana kwa bei nafuu. Pengo hilo huzibwa na maduka madogo, ambayo kwa kila futi ya mraba hulipa zaidi sana, pamoja na ada ya huduma na nyongeza ya kila mwaka. Mwenye duka dogo hukubali kwa sababu anajua ananunua nini: halipii kuta, analipia watu watakaopita mbele ya mlango wake wakielekea supamaketi. Sasa fikiria mwaka 2017. Nakumatt, iliyoanza kama duka la magodoro Nakuru ikakua hadi kuwa na matawi zaidi ya sitini katika nchi nne, haikufunga milango yake yote siku moja. Wasambazaji ambao hawakuwa wamelipwa waliacha kuleta bidhaa, rafu zikakaa tupu kwa miezi, wateja wakapungua polepole. Mwanzoni mwa 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Matawi sita ya mwisho yalinunuliwa na Naivas kwa takriban shilingi milioni 422, ilhali madeni yalikuwa ya mabilioni kwa makumi. Katika miezi ile ya rafu tupu, kodi iliyoandikwa kwenye mkataba wa duka la viatu ilibaki ile ile, ingawa ile bidhaa iliyouzwa ndani ya kodi hiyo, yaani wapita njia, ilikuwa imekwisha.

Wapo watakaosema kwamba mwenye duka alisaini mkataba kwa hiari yake. Hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama pande mbili zingekutana zikiwa na nguvu zinazokaribiana. Kenya ina sheria ya mwaka 1965, Sura ya 301, inayomlinda mpangaji wa duka asibadilishiwe masharti au kufukuzwa ovyo, na ina baraza maalumu la kodi za majengo ya biashara. Ila ulinzi huo kwa kawaida haugusi mikataba ya maandishi inayozidi miaka mitano. Ndiyo maana mikataba mingi ya Nairobi huandikwa kwa miaka mitano na miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu imewekwa makusudi, na anayeiweka si muuza viatu.

Hoja nyingine ni kwamba mkubwa ndiye huleta watu, hivyo anastahili nafuu. Nakubali kwamba huleta wengi, ingawa si wote. Duka la vitabu la Text Book Centre limeendelea Sarit huku Uchumi ikija na kuondoka, na hata baada ya serikali kuanza kupeleka vitabu moja kwa moja katika shule za umma mwaka 2018, wazazi wangali wanakwenda pale na orodha zao shule zinapofunguliwa. Lakini hata tukikubali hoja hiyo yote, inawatetea wadogo. Kama kuwepo kwa mkubwa kunahalalisha kodi ya juu, kuondoka kwake kunadai kodi ishuke. Nchini Marekani wapangaji wengi hudai kipengele cha namna hiyo katika mikataba yao: duka kuu likifungwa, kodi yao hupungua mpaka mrithi apatikane. Hakuna linalozuia mawakili wa Nairobi kukiandika.

Wenye majumba watajibu kwamba benki haipunguzi marejesho kwa sababu supamaketi imehama. Ni kweli, na hasara hiyo ni nzito. Lakini mwenye jumba ndiye aliyemchagua mpangaji mkuu. Alikuwa na nafasi ya kudai aone vitabu vyake vya hesabu, adai dhamana, na aone malimbikizo ya kodi yakianza kukua kabla ya mtu mwingine yeyote. Muuza viatu aliyefungua duka lake mita ishirini kutoka Nakumatt hakuonyeshwa hata ukurasa mmoja wa hesabu hizo.