Nyumba ya Mbwa na Kipimo cha Wema

Hapana mtu asiyependa kuitwa mwema. Walakini ni wachache wajiulizao wema hupimwa kwa kipimo gani. Je, hupimwa kwa thamani ya kitu kitolewacho, au kwa furaha aionayo mtoaji moyoni mwake, au kwa haja ya yule apewaye? Swali hili, msomaji, ni zito, nami sitaki kulijibu kwa maneno makubwa. Nitalijibu kwa kitu kidogo ambacho pengine hukutazamia kukikuta katika kitabu cha insha: nyumba ya mbwa alalaye nje wakati wa baridi kali.

Utacheka, na kucheka si kosa. Lakini kwanza fuatana nami mpaka Minnesota, jimbo la kaskazini ya Marekani lipakanalo na Kanada, ambako Wakenya wengi wamekwenda kusoma na kufanya kazi. Huko, katika majira ya baridi, maji ya maziwa hugeuka barafu ngumu hata motokaa huweza kupita juu yake. Tarehe 2 Februari 1996, karibu na mji mdogo wa Tower, baridi ilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri katika kipimo cha Selsiasi, na hiyo ndiyo baridi kali kupita zote zilizopata kuandikwa katika jimbo hilo. Usiku wa baridi mtu hufunga mlango, huwasha moto na kujifunika. Mbwa aliyefungwa uani hana mlango wa kufunga wala moto wa kuwasha. Ana joto la mwili wake tu, ambalo ni kama nyuzi 38 au 39, pamoja na vile vitu ambavyo bwana wake alikumbuka kumwekea.

Sasa fikiri kwamba mtu mwenye moyo mzuri amekusudia kumjengea mbwa wake nyumba. Atajenga nini? Akifuata matakwa ya nafsi yake atajenga nyumba kubwa yenye mlango mpana, ataipaka rangi ya kupendeza, na ndani atatandika blanketi zito. Majirani watapita na kumsifu. Kumbe kila alichokitenda kwa mapenzi chaweza kumdhuru yule aliyekusudiwa kusaidiwa.

Tazama ukubwa wa nyumba. Ndani yake hamna moto ila mbwa mwenyewe. Yeye ndiye mkaaji na yeye ndiye jiko. Nyumba ikiwa ndogo, mwili wake hupasha joto ile hewa kidogo imzungukayo, na joto lile humrudia. Ikiwa kubwa, joto hupaa juu na kutawanyika, naye hukesha akikitumikia chumba asichokihitaji. Kwa sababu hiyo wajuzi hushauri kwamba mbwa aweze kuingia, kusimama, kugeuka na kujilaza. Nafasi ipitayo hapo ni fahari ya bwana, na gharama yake hulipwa na mbwa.

Tazama blanketi. Kwetu sisi blanketi ni rafiki wa usiku. Lakini mbwa huingia na theluji miguuni na katika manyoya; theluji huyeyuka, blanketi hunywa maji, na baridi ikizidi maji yale huganda. Matandiko yaliyotarajiwa kumpa joto huwa kitanda cha barafu. Mabua makavu ya ngano, ambayo mtu hangeyataka kitandani mwake, ndiyo yamfaayo mbwa. Kila bua lina uwazi ndani yake, na uwazi huo hushika hewa. Maji hayakai juu yake. Tena mbwa huweza kujichimbia kati ya mabua na kujifunika. Yakipondeka au yakilowa, hutolewa na kuwekwa mengine.

Tazama na mlango. Mlango mpana humkaribisha bwana atazamaye ndani, lakini humkaribisha na upepo. Ulio bora ni mdogo, wenye pazia la mpira au turubai, uliowekwa upande mmoja wa ukuta ili mbwa apate pembe ya kujificha, nao huelekezwa mbali na upepo. Kuta zake huwa mbili, na kati ya mbao za nje na za ndani hutiwa mabamba ya povu gumu jeupe, mfano wa lile lizungukalo redio mpya sandukuni. Povu lile limejaa hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia ni mlinzi hodari wa joto. Mbao za ndani hulificha lisipate kutafunwa na mbwa. Sakafu huinuliwa kutoka ardhini, na tundu dogo huachwa karibu na paa ili unyevu wa pumzi upate njia ya kutoka.

Watunga sheria wa Minnesota wameyaandika mengi ya mambo haya. Kifungu cha 343.40 cha sheria za jimbo hilo chaamuru kwamba mbwa awekwaye nje apewe nyumba isiyopenywa na unyevu wala upepo, yenye ukubwa umfaao na uwezao kuhifadhi joto la mwili wake. Sakafu iwe imara isiyopitisha unyevu, au iinuliwe angalau inchi 2 kutoka ardhini. Tangu tarehe 1 Novemba hadi tarehe 31 Machi mlango uwe na kizuizi cha upepo, na matandiko yawe ya kutosha. Sheria hiyo haikusema nyumba iwe nzuri machoni pa watu. Ilimtazama alalaye ndani, ikauliza ahitaji nini.

Labda utasema, "Mbwa ana manyoya, Mungu amekwisha kumvika." Neno hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Wapo mbwa wa nchi za baridi wenye manyoya mazito, ambao hujikunja juu ya theluji, hufunika pua kwa mkia, na kulala. Mwaka 1925 mbwa wapatao 150 wa namna hiyo walivuta sleji kwa zamu katika Alaska, wakapeleka dawa ya dondakoo katika mji wa Nome na kuwasaidia watu waliokuwa hatarini. Lakini mbwa mwenye manyoya mafupi, au mzee, au mtoto, hawezi baridi ile. Hata nyumba iliyojengwa kwa akili ina mpaka wake. Katika usiku mkali kupita kiasi, jambo la haki ni kumwingiza mbwa ndani. Atendaye wema hana ruhusa ya kusema, "Wote ni mbwa." Hana budi kumjua huyu mmoja aliye mbele yake.

Labda utasema tena, "Wako watu wasio na nyumba; kwa nini tujishughulishe na mbwa?" Swali hili lastahili heshima, na jibu lake ni hili. Mnyama wa mwituni hutafuta pango lake mwenyewe. Upepo ukivuma huhama. Mbwa tuliyemfunga mnyororo hawezi kuhama. Sisi ndisi tuliomnyima hiari hiyo ili atulindie mali zetu. Aondoaye uwezo wa mwingine wa kujisaidia amejitwika mzigo wa kumsaidia, na mzigo huo hauondolewi kwa kutaja shida ya mtu mwingine. Tena ubao mchache na fungu la mabua havimnyang'anyi maskini nyumba yake. Moyo uliozoea kumpita mbwa atetemekaye bila kugeuka waweza kuzoea kumpita na mtu.

Wala usidhani kwamba habari hii ni ya ng'ambo tu. Theluji hatuna ila juu ya milima, lakini Limuru, Molo na Kinangop zina usiku wa Julai ambao watu wake waujua vema, na pengine asubuhi sakitu huonekana juu ya majani. Mbwa wengi huko hulinda maboma yetu usiku kucha, na akipewa kibanda, aghalabu ni cha vipande vya mabati vilivyosalia. Bati halizuii joto. Usiku huwa baridi kama jiwe, na mchana wa jua huwaka kama kikaango. Mbao kuukuu, sakafu iliyoinuliwa juu ya mawe, mlango uliougeuzia upepo kisogo, na mabua makavu ni vitu vipatikanavyo mashambani kwa gharama ndogo. Kinachokosekana mara nyingi si fedha, bali ni mtu wa kukaa kitako na kujiuliza, "Ningekuwa mimi niliye humo, ingekuwaje?"

Wazee wetu walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hizi hazikutungwa kwa ajili ya mbwa, nazo zatuonyesha mahali ambapo wema wetu huharibika. Humpelekea mgonjwa chakula tukipendacho sisi, ijapokuwa hawezi kukimeza. Humshauri mwenye huzuni kwa maneno marefu, naye alitaka mtu wa kukaa kimya karibu naye. Tukiona zawadi haikupokewa kwa furaha, twamwita mpokeaji mtovu wa shukrani. Mtu aweza kutueleza kosa letu, tukiwa na masikio. Mbwa hawezi kusema; kwa hiyo kumtendea yeye ipasavyo ni mtihani mgumu zaidi. Yatubidi tumchunguze: atetemeka? Ainua mguu mmoja baada ya mwingine kwa ubaridi wa ardhi? Maji yake yameganda? Mabua yake yamelowa? Sheria yaweza kuamuru matandiko yawepo, lakini haiwezi kumwamsha mtu usiku kwenda kuyapapasa kwa mkono wake.

Basi, msomaji, ukikusudia kumtendea wema kiumbe yeyote, mkubwa au mdogo, jitenge kidogo na sifa utakazopata. Usianze kwa kuuliza, "Nitoe nini kitakachoonekana?" Anza kwa kuuliza, "Huyu ahitaji nini, nami nitajuaje?" Huenda jibu likawa dogo kuliko ulivyotaka kutoa, na halina rangi ya kupendeza, wala hapana jirani atakayelisifu. Litoe vivyo hivyo, kisha kesho yake rudi ukatazame kama limemfaa.