"Kwani Alikuwa Anajiuza?"



Leo naandika kuhusu swali nililouliza kwa mdomo wangu mwenyewe, na ambalo bado linanisuta.

Ilikuwa Agosti 2024. Mnakumbuka habari ya binti wa Yombo Dovya, hapa hapa Temeke, aliyebakwa na kundi la wanaume huku wakimrekodi. Nchi nzima ilichafukwa. Kisha afisa mmoja wa polisi akanukuliwa gazetini akisema binti yule alikuwa kama mtu anayejiuza. Watu wakakasirika, afisa akaondolewa kwenye nafasi yake, na tarehe 30 Septemba mahakama ya Dodoma ikawahukumu wanaume wanne kifungo cha maisha.

Jioni nilipoisikia kauli ya yule afisa nilikuwa uani, kwenye nyumba tunayopanga Mbagala, tukisubiri zamu ya bomba. Nikauliza, "Kwani ni kweli alikuwa anajiuza?"

Dada mmoja, mpangaji mwenzetu, akaweka ndoo chini. "Mdogo wangu, na kama ningekuwa mimi?"

Wote pale uani tulijua anatoka kwenda wapi usiku. Sikuwa na jibu.

Nilipouliza vile nilikuwa natafuta nini? Nilikuwa natafuta kipimo. Kama hajiuzi, nilie naye. Kama anajiuza, nipunguze huruma kidogo. Yaani kichwani mwangu kulikuwa na wanawake ambao kuwabaka ni kosa, na wengine ambao kwao ni "ajali kazini". Na mwenye mawazo hayo ndiye aliyesoma somo la kwanza Jumapili iliyotangulia!

Baadaye tukazoeana. Kumbe yeye na wenzake wana kikundi chao, ni waelimishaji rika. Wanagawiana kondomu, wanasindikizana kupima, wanakumbushana kumeza dawa. Mwenzao akibakwa wanamkimbiza hospitali, maana dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Kushtaki ndiko wanakokuogopa, kwa sababu aliyekwenda kulalamika anaweza kulala ndani yeye. Na si maneno ya dada mmoja tu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Tanzania, na humo wanawake kama yeye walieleza kupigwa, kuombwa rushwa na hata kubakwa na polisi, na wengine kudhalilishwa walipokwenda kutibiwa.

Najua kuna anayesoma hapa na kusema, "Ukiwatetea si unahalalisha dhambi?" Swali zuri, tusilikimbie. Fungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2355. Inafundisha kwamba ukahaba unajeruhi utu wa anayeufanya, na kwamba anayelipa anatenda dhambi kubwa. Inasema ni dhambi kubwa daima, lakini inakiri kwamba ufukara, vitisho na shinikizo la jamii vinaweza kupunguza lawama. Sasa angalia mitaani kwetu. Msako ukipita, anayepakiwa kwenye karandinga ni dada. Mteja anawasha gari anaondoka zake, na Jumapili labda tunapeana naye amani.

Mimi siwezi kuiita kazi kama kazi nyingine, na dada nimemwambia wazi. Naye akanijibu wazi: "Niombee, ila usinihubirie wakati natoka damu." Ana haki. Kutobakwa, kutibiwa, kusikilizwa: hivyo mtu hakupewa kama zawadi ya tabia njema. Amevipata kwa Yule aliyemuumba kwa mfano wake. Kama dhambi ingekuwa inafuta mfano huo, nani kati yetu angebaki nao?

Halafu kuna hili la kuwasemea. Kikundi chetu cha vijana kiliwahi kupanga "kuwasaidia hao kina dada". Tukawaza cherehani na semina. Hakuna aliyewaza kuwauliza. Nilipomsimulia alicheka sana. "Na kodi ya mwezi huu nani analipa wakati mimi najifunza kushona?" Wao walitaka vitu vidogo tu: nesi asiyewataja kwa sauti pale mapokezi, na mtu asiyeshukiwa wa kuongozana nao wakienda kushtaki. Kumbukeni Bartimayo. Kila mtu aliona kwamba ni kipofu, Yesu pia, lakini bado Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini. Alimwacha mwenye shida aseme shida yake.

Usiku mmoja dada akanigongea mlango. Mwenzao amepigwa, twende naye hospitali. Nilichelewa kuvaa makusudi, nikihesabu nani atatuona. Tulipofika, mtu wa mapokezi akatutazama mmoja mmoja, kisha akaniuliza mimi, "Na wewe ni mwenzao?"

Nikajibu haraka, "Hapana, mimi ni wa kanisani."

Hakuna jogoo aliyewika, ila mimi nililisikia. Dada hakusema neno. Alikuwa ameshika kanga kichwani kwa mwenzake, damu isiendelee kutoka.

Tangu hapo nimekwenda nao mara mbili. Sijawa mtakatifu, bado naangalia nyuma kama kuna wa kwaya anayepita. Lakini nikiulizwa sasa nasema, "Ndiyo, niko nao."

Vijana wenzangu, Maria Magdalena tumembebesha jina la kahaba kwa karne nyingi, na Injili haisemi hivyo popote. Yesu Mfufuka alimwita kwa jina lake, akamtuma awapelekee mitume habari. Wiki hii, kabla hujamwita mtu "anajiuza", tafuta kwanza jina lake.

Tuombe: Bwana, utusamehe maswali tuliyouliza ili tupate sababu ya kutohurumia. Walinde dada zetu walioko barabarani usiku huu. Utupe ujasiri wa kuonekana nao. Amina.

Mtakatifu Maria Magdalena, utuombee.