Ndoa Mbele ya Asiyewajua

Ndoa ikifungwa Garsen, kwenye delta ya Mto Tana nchini Kenya, siku ya Ijumaa, Jumatatu haifiki kabla mji haujajua. Anajua mwenye duka aliyetoa mchele kwa mkopo, anajua kijana wa bodaboda aliyembeba shangazi ya bibi harusi kutoka stendi, wanajua wote waliokuwepo walii aliposema "nimekuoza" na bwana harusi akajibu "nimekubali". Mahari imetajwa kwa sauti, mashahidi wapo, sinia za pilau zimezunguka. Kwa Waorma wa malishoni, ng'ombe wa mahari huhama zizi, na mchungaji akimwona ng'ombe yule katika kundi jingine haulizi amefikaje.

Watu hao wote hawatakuwepo siku mke atakapoitwa ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi, aeleze kwamba mume wake yuko Minnesota na kwamba ni mume kweli. Atakuwa ametoka kwenye basi la usiku. Atasimama mbele ya kioo, na upande wa pili atakuwepo ofisa mwenye faili na dakika chache. Sheria ya nchi ile inaweka mzigo wa kuthibitisha juu ya mwombaji. Ofisa halazimiki kuonyesha kwamba ndoa ni ya uongo. Mke ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba ni ya kweli.

Swali linalozuka hapo si la mawakili peke yao. Ndoa ya kweli ni kitu gani, hata iweze kuonyeshwa kwa mtu asiyewajua wanandoa?

Cheti hakilimalizi swali hilo. Cheti cha ndoa ya Kiislamu kinaeleza kwamba tarehe fulani, mahali fulani, fulani alimuoa fulani, na mara nyingi hakuna anayebisha. Maofisa wa uhamiaji wanataka la pili: je, hawa wawili walioana ili waishi pamoja, au ili mmoja wao apate karatasi? Wanauliza nia. Na nia haina picha, haina muhuri, haina namba ya risiti.

Mafakihi wa Kiislamu walikutana na fumbo hili karne nyingi kabla ya viza kuwepo. Mwanamke aliyeachwa talaka tatu hawezi kurudiwa na mumewe mpaka aolewe na mume mwingine na ndoa hiyo nayo ivunjike. Wakatokea watu waliotafuta mume wa kupita njia, aoe leo na kuacha kesho, ili wa kwanza arudi. Wamaliki na Wahanbali walisema nia hiyo peke yake inaibatilisha ndoa. Wafuasi wa Imamu Shafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, walikwenda njia nyingine: kama sharti la kuachana halikutamkwa ndani ya mkataba, mkataba unasimama, ingawa jambo lenyewe linachukiza. Nia kwao ilikuwa na uzito mkubwa, lakini mwenye mamlaka ya kuikagua ni Mungu, na kadhi anahukumu kwa yaliyodhihiri.

Msimamo huo una busara ambayo mtu wa leo anaweza kuipita haraka. Binadamu akijipa kazi ya kupima moyo wa mwenzake, na moyo hauonekani, itambidi abuni vipimo vya nje. Vipimo hivyo vikishakuwepo, vinaanza kuwahukumu watu kwa namna wanavyoishi, si kwa walichonuia.

Yaliyotokea katika karne ya 20 yanaonyesha vipimo hivyo vinaweza kufika wapi. Mwaka 1979 ilifichuka kwamba katika uwanja wa ndege wa Heathrow, London, mwanamke aliyetoka India kwenda kwa mchumba wake alikuwa amekaguliwa mwilini ili ijulikane kama ni bikira. Katika miaka ya 1980 Uingereza ilimtaka mwombaji athibitishe kwamba kusudi kuu la ndoa yake halikuwa kuingia nchini. Yaani athibitishe kutokuwepo kwa wazo moyoni mwake mwenyewe. Kanuni hiyo iliondolewa Juni 1997, baada ya kuzitenganisha familia nyingi ambazo hakuna aliyekana kwamba zilikuwa familia. Marekani nayo ilipitisha mwaka 1986 sheria inayoupa ukaazi wa mwenzi wa ndoa changa masharti ya miaka miwili, kisha wanandoa warudi kuthibitisha tena. Wakishukiwa, huhojiwa kila mmoja chumba chake: nani alipika jana, nani analala upande gani wa kitanda.

Nairobi ilikuwa na kipimo chake. Mwanzoni mwa 2008 wakimbizi walioomba kuwafuata jamaa zao Marekani walianza kupimwa vinasaba. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikatangaza kwamba familia ambazo uhusiano wote uliodaiwa ulithibitika hazikufika asilimia 20, waliokataa kupimwa wakihesabiwa pamoja na wasiothibitika. Mpango huo wa kuunganisha familia ukasimamishwa mwaka huo huo, na ukarudi 2012. Bila shaka wapo waliodanganya. Lakini kambi za wakimbizi za Dadaab, kaskazini mwa Garsen, zilijaa watoto waliolelewa na mama mdogo au mjomba baada ya wazazi kuuawa Somalia, na katika lugha ya nyumba zile huyo ni mwanangu, basi. Kipimo cha vinasaba kilijibu swali ambalo mlezi hakuulizwa kwa maneno yake. Kuhusu mume na mke, damu haikuwa na la kusema kabisa.

Hata Kenya kwenyewe dola lilianza kwa kutoamini. Mwaka 1917, katika kesi ya Rex dhidi ya Amkeyo, mahakama ya kikoloni ilikataa kumhesabu mwanamke aliyeolewa kimila kuwa mke. Sababu yake ya vitendo ilikuwa kwamba mke halali asingelazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, huyu akalazimishwa. Jaji aliiona mahari kuwa ununuzi wa mwanamke. Ukoo mzima ulijua ni mke, ila ujuzi wa ukoo haukuwa na thamani mbele ya mtu aliyekuja na picha yake mwenyewe ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 ilizipa ndoa za kimila hadhi sawa na nyingine, na usajili wake ukaanza Agosti 2017. Miaka 97 ilipita kati ya hukumu ile na sheria hii.

Lakini usawa wa hadhi si usawa wa karatasi. Waliooana kimila wanatakiwa kuomba usajili ndani ya miezi sita baada ya kukamilisha taratibu, na wote wawili wafike mbele ya msajili. Mume aliyepewa likizo ya wiki tatu kutoka ghala la Minneapolis atazimaliza kwa posa, mahari, harusi na kuwasalimia wazee wa pande mbili. Akiwa hakupata hata likizo hiyo, atamweka wakala wa kupokea nikahi kwa niaba yake, jambo ambalo sheria ya Kiislamu inaliruhusu wazi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haiitambui ndoa ya namna hiyo, ambayo wawili hawakuwa mahali pamoja ilipofungwa, mpaka wakutane kimwili baadaye. Watu hao hao wawili ni mume na mke Garsen, na si mume na mke Gigiri.

Tena faili linadai vitu ambavyo maisha ya delta hayavizai. Mkataba wa nyumba wenye majina mawili? Nyumba imejengwa kwenye kiwanja cha baba mkwe. Akaunti ya pamoja ya benki? Fedha za nyumbani zinapita kwenye simu. Picha za miaka? Mto Tana ulifurika 2018, ukafurika tena mwishoni mwa 2023 na mwaka 2024, na maji yanapoingia nyumbani usiku mtu hubeba mtoto kwanza. Kabla ya hapo, kati ya Agosti 2012 na mwanzoni mwa 2013, mapigano kati ya Wapokomo na Waorma yaliua zaidi ya watu 100 na kuteketeza nyumba Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na kwingineko. Kumuuliza mwanamke wa Kilelengwani picha za harusi yake ni kumuuliza habari za moto ule.

Hata haya ya kawaida huhesabiwa kama dosari. Mke aliyelelewa kumwita mumewe "Baba Asha" mbele za watu hatamwandikia maneno ya mapenzi kwenye simu, na hatapiga naye picha wakiwa wamekumbatiana. Wanazungumza kwa sauti, usiku, na mazungumzo ya sauti hayaachi maandishi. Akiulizwa mumewe alizaliwa lini, na mume alikwenda kama mkimbizi, atasita, kwa sababu Januari 1 iliyo kwenye hati za wakimbizi wengi ni tarehe iliyowekwa na karani, na yeye anajua ile ya nyumbani, inayohesabiwa kwa mafuriko na ukame. Kusita huko kunaingia kwenye faili.

Ushahidi ulio bora kuliko wote Garsen unatoka mahali pasipotarajiwa: taarifa ya M-Pesa. Mke anaiomba kwa simu, inatumwa kwenye barua pepe ikiwa imefungwa kwa namba ya siri, anakwenda kuichapisha kwa mwenye kompyuta pale mjini. Inatoka kurasa kwa kurasa. Humo mna fedha zilizoingia mwisho wa mwezi, na siku hiyo hiyo zilizotoka: karo, unga, dawa za mama mkwe, deni la dukani. Mwezi mmoja fedha zimeingia mara nne. Ni mwezi mtoto alipolazwa. Hakuna aliyeiandika taarifa hiyo ili imvutie ofisa. Ni maisha yamejiandika yenyewe, na ndiyo maana inaaminika kuliko albamu ya picha zilizopangwa.

Na hapo pana hatari. Wanandoa wakishajua kwamba kila kitu kitasomwa, wanaanza kuishi kwa ajili ya faili. Mume anatuma fedha kidogo kidogo ili mistari iwe mingi. Mke anaandika "nakupenda" ambayo asingeiandika. Kila mmoja anajifunza rangi ya mswaki wa mwenzake. Walaghai ndio hodari zaidi wa kazi hiyo, kwa kuwa hawana kingine cha kufanya isipokuwa kukusanya ushahidi. Ndoa za makaratasi zipo. Wapo wanaolipana, na wapo wanawake walioolewa kwa moyo wote wakagundua ukaazi ulipotoka kwamba walikuwa daraja tu. Hao nao wanastahili kulindwa, na nchi ina haki ya kuuliza. Ubaya ni kwamba kadiri uchunguzi unavyotegemea zaidi alama zinazoweza kutengenezwa, ndivyo unavyowapita waongo waliojiandaa na kuwanasa wakweli wasiojiandaa.

Mahakama ya Juu ya Kenya ilipambana na fumbo linalofanana na hili Januari 2023, katika kesi ya MNK dhidi ya POM. Ilieleza ni lini watu walioishi pamoja bila cheti wanaweza kudhaniwa kuwa mume na mke: wawe wameishi pamoja muda mrefu, wawe na haki ya kuoana, wawe wamekusudia na kuridhia, na wawe wamejionyesha kwa watu kama mume na mke. Sharti hilo la mwisho linarudisha macho ya majirani mahakamani. Nia imo, lakini jaji haipekui kwa kuuliza upande wa kitanda; anaitafuta katika yale ambayo watu waliyaona kwa miaka na hawakuyatilia shaka.

Ni kosa, hata hivyo, kuishitaki Ulaya na Marekani peke yake. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 inamwambia mgeni aliyeoa au kuolewa na Mkenya asubiri miaka 7 kabla ya kuomba uraia, na inataka ndoa isiwe ilifungwa kwa ajili ya uhamiaji, na wanandoa wawe wanaishi pamoja wakati wa kuomba. Ni swali lile lile la nia. Katiba ya 2010 imewapa wanawake haki sawa hapo. Kabla yake, mwanamke wa Garsen aliyeolewa na Msomali au Mtanzania hakuweza kumpa mumewe njia ya uraia aliyoweza kuipata mke mgeni wa kaka yake. Dola lilimwamini kaka mtu katika ndoa yake, dada hakuaminiwa katika yake.

Mlango mmoja bado haujatumika vya kutosha. Kanuni za Marekani zinakubali viapo vya watu wengine wanaoijua ndoa, ilimradi kila shahidi ajitambulishe kikamilifu na aeleze kwa undani alijuaje. Viapo vingi vinavyopelekwa ni mistari mitatu ya kunakili: ninawafahamu, ni mume na mke, wanapendana. Haviwezi kumsaidia mtu. Mwenye duka aseme nani alilipa deni la mchele wa harusi na lini. Wifi aseme alikaa na nani hospitalini wiki ile mtoto alipolazwa, na nani alikuwa kwenye simu. Imamu aliyefungisha ndoa aandike kitabu chake nakala mbili, moja iwekwe mbali na mto. Wakili au mahakama ya Garsen inaweza kukishuhudia kiapo cha namna hiyo kwa asubuhi moja, na mke akaondoka kwenda Nairobi na watu wake ndani ya bahasha.