Barabara ya Kwenda Misri

Neno kuu: Mwanzo 46:1-4



Baridi ya mwezi huu si hadithi. Ukungu unashuka kutoka vilima vya Iveti mpaka stendi, na manyunyu hayaulizi kama umefua nguo. Mji wetu uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti tunakumbushwa. Jumapili iliyopita, ibada ya kwanza, nilisikia vikohozi vingi kuliko Amina.

Kwa hiyo sikushangaa familia changa tatu ziliponijia mwezi huu, kila moja kwa wakati wake, na swali lile lile: "Mchungaji, watoto wanateseka na kifua. Tuhamie Mombasa?" Mmoja aliniuliza kwa kunong'ona, kama anayekiri dhambi. Mwingine tayari alikuwa na mstari wa Biblia mkononi, alitaka tu mimi niseme Amina.

Swali hilo nalijua. Niliwahi kulibeba mgongoni.

Ilikuwa mwaka 2018, kabla sijaingia katika huduma. Nilikuwa nauza duka la vifaa vya ujenzi la mtu hapa mjini, na mama watoto alikuwa anafundisha chekechea. Tulikaa chumba kimoja na watoto wawili. Mdogo alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na kila baridi ikiingia kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Wazazi mnaijua sauti hiyo. Saa nane ya usiku unaisikia hata ukiwa usingizini. Mara tatu mwezi huo wa Julai tulimkimbiza hospitali, tukakaa kwenye benchi akivuta dawa kwa mashine ya mvuke, mimi nimeshika chupa ya uji na mama yake ameshika mtoto.

Wakati huo huo jamaa yetu aliyekuwa na duka Changamwe akanipigia simu: njoo, nafasi ya kazi iko. Treni ya SGR ilikuwa imezinduliwa Mei 2017, safari imekuwa rahisi. Unapandia Athi River, na siku hiyo hiyo uko pwani kwenye jua. Nikasema, huyu ni Mungu. Nikaanza kuomba kwa nguvu. Nilifunga siku tatu. Nilikuwa naomba hivi: "Bwana, asante kwa mlango wa Mombasa. Ufungue kabisa."

Siku ya tatu mama watoto aliniuliza kwa upole, akiwa anakoroga uji: "Baba watoto, wewe unaomba, ama unamjulisha Mungu?"

Wapendwa, nilinyamaza. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshapakia virago moyoni, nikataka Mungu apige muhuri tu.

Sasa fungua Biblia nawe. Kuna barabara moja katika Kitabu cha Mwanzo ambayo watu wa nyumba moja waliitazama kwa vizazi vitatu: barabara ya kwenda Misri. Misri ilikuwa na mto, ilikuwa na chakula wakati kwingine kumekauka. Kila njaa ilipokuja, macho yalielekea huko.

Wa kwanza ni Abramu, Mwanzo sura ya 12. Njaa ikaja, akashuka Misri. Soma polepole uone: hakuna mahali tunaambiwa aliuliza. Hofu ikamfanya aseme mkewe ni dada yake, na Sarai akachukuliwa nyumbani kwa Farao. Mungu kwa rehema zake akawatoa. Lakini ona aliyelipa gharama ya uamuzi ule: ni mke, ambaye hatuambiwi kama hata aliulizwa.

Wa pili ni mwanawe Isaka, sura ya 26. Njaa nyingine. Isaka naye anaanza kuelekea huko huko, lakini Bwana anamtokea na kumkataza asishuke Misri, akae katika nchi atakayoambiwa. Isaka akabaki Gerari, akapanda katika nchi yenye njaa, na mwaka ule ule akavuna mara mia. Lakini usihubiri mavuno ukaruka visima! Alichimba kisima, wakamgombania. Akachimba cha pili, wakamgombania. Cha tatu ndicho alikiita Rehobothi, kwa kuwa hatimaye walipata nafasi. Kubaki mahali Mungu amekuambia ubaki si kusema shida zimeisha.

Wa tatu ni mjukuu, Yakobo, sura yetu ya leo. Njaa tena. Mtoto wake Yusufu yuko hai, magari yametumwa, watoto wadogo na wake wamepakiwa. Mzee wa miaka 130 anaondoka na mali yake yote. Lakini anafika Beer-sheba, anasimama. Anamtolea sadaka Mungu wa Isaka baba yake.

Kwa nini pale? Kwa nini asimtaje Mungu wa babu yake Abrahamu? Nirudishe kwa sura ya 26: Beer-sheba ndipo Isaka alipojenga madhabahu, yule Isaka aliyekatazwa Misri. Yakobo alikuwa mbele ya madhabahu ya baba aliyeambiwa usiende, naye yuko na magari yameelekea huko huko. Mimi naamini alikuwa anauliza: Wewe uliyemkataza baba yangu, mimi unaniambiaje? Usiku ule Mungu akamjibu asiogope kushuka, kwamba atashuka pamoja naye.

Misri ni ile ile. Mungu ni yule yule. Baba akaambiwa baki, mwana akaambiwa nenda.

Na baadaye sana, Mathayo sura ya 2, seremala mmoja mwenye mke kijana na mtoto mdogo anaamshwa usiku: mchukue mtoto na mama yake, ukimbilie Misri. Sababu ni mtoto. Maisha yake yako hatarini. Yusufu hakungoja kupambazuke.

Unaelewa sasa kwa nini siwezi kukupa jibu la jirani yako? Ukichukua mstari wa Isaka wakati wewe ni Yusufu, utamkalisha mtoto kwa Herode na kuiita imani. Ukichukua mstari wa Yakobo wakati wewe ni Isaka, utaacha shamba la mara mia likiwa halijapandwa.

Basi sisi tulifanya nini? Tulisimama Beer-sheba yetu. Nilimpigia yule jamaa, nikamwomba wiki tatu. Kisha tukafanya kitu ambacho tungefanya mwanzo: tulikaa na daktari, tukamwambia kila kitu. Akauliza swali moja: "Mnapika na nini, na mnapikia wapi?" Nikasema, jiko la makaa, ndani, na dirisha tunafunga kwa sababu ya baridi. Akatikisa kichwa. Akasema baridi kweli inamsumbua mtoto, lakini moshi pia unamuumiza mapafu. "Kabla hamjahama mji," akasema, "hamisheni jiko."

Niliona aibu. Nilikuwa nimefunga siku tatu kwa ajili ya Mombasa na sijafungua dirisha.

Tulinunua mtungi wa gesi wa kilo sita, kwa mkopo wa chama cha mama watoto. Tukahamia chumba chenye jiko nje. Wapendwa, nasema hili kama mchungaji na kama mzazi: usilale na jiko la makaa linawaka ndani ya nyumba iliyofungwa. Ile hewa yake haina harufu ya kukuamsha. Imeua familia usiku mmoja. Kemea pepo, lakini toa jiko nje.

Halafu tukaketi na karatasi, kama Bwana Yesu anavyofundisha katika Luka 14 juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Mshahara wa Changamwe upande huu. Upande ule kodi ya nyumba, maji ya kununua kwa mitungi, karo, na mama watoto bila kazi. Halafu mstari mmoja ambao mimi nilikuwa nimeusahau, yeye akauandika: susu yao. Mama mkwe alikuwa Kathiani. Ndiye aliyekuwa anabaki na mtoto akiugua ili sisi twende kazini. Mombasa usiku wa saa nane tungemgongea nani?

Na tulikumbuka kwamba joto si wokovu. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine, mja mzito. Julai mwaka huo homa ilimwua Rosine, na mtoto wao mchanga akafuata baada ya siku chache. Krapf aliendelea na kazi, na mwaka 1849 alifika hata huku Ukambani. Siku hizi tunamjua mbu, tuna neti na dawa, tumshukuru Mungu. Lakini kila mji una ugonjwa wake. Kule unaacha nimonia, unakutana na malaria.

Wiki tatu zilipoisha, tuliomba pamoja, mikono imeshikana, bila kumjulisha Mungu chochote. Sikusikia sauti. Sikuota ndoto. Nilichopata ni amani ya kubaki, na yeye alikuwa nayo pia, na tuliipata kila mtu kabla hajamwambia mwenzake. Tukabaki.

Sasa nisikudanganye. Julai iliyofuata mtoto aliugua tena. Mara moja, si mara tatu, lakini aliugua, na usiku ule kwenye benchi nilijiuliza kama nilikosea. Leo ni mkubwa, anacheza mpira, na bado anabeba pampu yake ya pumu kwenye begi la shule. Hicho ndicho kisima changu cha kwanza na cha pili. Na ndugu mmoja wa kanisa hili alihamia pwani mwaka ule ule na watoto wake, akamtumikia Mungu huko mpaka leo, na watoto wake wamestawi. Yeye alikuwa Yakobo. Sikumwonea wivu, wala yeye hakunidharau.

Kwa hiyo, familia changa: simameni kabla ya mpaka, hata kama mmeshapakia. Ulizeni daktari, pigeni hesabu, ombeni wote wawili. Baba, usimbebe mkeo kama Sarai alivyobebwa. Na mkifika huko, kabla ya kutafuta soko, tafuteni madhabahu. Njooni mchukue barua ya kanisa.

Nanyi wazee wetu, nawaomba kwa heshima. Kijana akisema anahama, msimwambie anakimbia mwito. Mji huu wenyewe unajua kuachwa: reli kutoka Mombasa ilitupita kando, na mwaka 1899 makao ya utawala ya mkoa wa Ukamba yakahamishwa Machakos kwenda Nairobi. Waliohama walihama. Mungu hakuhama. Yuko kwa anayebaki, na amesema atashuka na anayeshuka. Tuwawekee mikono, tuwabariki.

Tuombe: Baba, sisi tuna watoto wadogo na barabara ndefu. Tusamehe pale tulipokujulisha badala ya kukuuliza. Utakayemwambia abaki, mpe mbegu na subira ya visima. Utakayemwambia aende, shuka pamoja naye. Ponya vifua vya watoto wetu baridi hii. Katika jina la Yesu, Amina.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii: Kila mmoja aseme uamuzi mmoja ulio mbele yake, na kama ameuliza ama amejulisha. Kisha tembeleeni nyumba moja yenye mtoto mgonjwa. Mwende na kuni za maneno machache na blanketi moja.