Mlio Usiojibiwa

Kila mlango uliofungwa humfundisha binadamu kutafuta dirisha. Simu za mkononi zilipoenea katika Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa karne ya 21, mlango uliofungwa ulikuwa bei ya maneno. Mtu wa kipato kidogo aliweza kujinyima akanunua simu, lakini kuzungumza kwa simu hiyo kulikuwa ni anasa. Dirisha lilionekana upesi. Malipo yalianza kuhesabiwa simu ilipopokewa. Kabla ya hapo mlio wake ulikuwa bure. Basi aliyekosa fedha alipiga, akaiacha simu ilie mara moja au mbili, kisha akakata. Tendo hilo likaitwa kubipu.

Haukupita muda mlio ukapewa maana. Kwa mapatano ya watu wawili, mlio mmoja uliweza kutangaza kwamba msafiri amefika salama, na miwili kwamba mwenyeji atoke nje kumlaki mgeni. Habari ilisafiri bila ya nauli.

Je, huu ni werevu au ni wizi? Wanaoulaumu husema kwamba mitambo hujengwa kwa gharama, na kila mlio huitumia. Anayefaidi asilipe huwatwisha wengine mzigo wake. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Anayebipu havunji kufuli wala haghushi hesabu. Mpaka wa malipo uliwekwa na kampuni zenyewe, na milio mingi ilizaa simu zilizolipiwa. Mwaka 2001 kampuni ya Vodacom huko Afrika ya Kusini ilianzisha ujumbe wa bure wa kumwomba mtu apige simu, na huduma ya namna hiyo ikafika Afrika ya Mashariki pia. Mwenye nyumba aliyeacha dirisha wazi, kisha akaweka na ngazi chini yake, hawezi kumwita mwizi kila apitaye hapo.

Hata hivyo, kutovunja kanuni si sawa na kutenda haki. Swali kubwa haliko baina ya mpigaji na kampuni. Liko baina ya mpigaji na mpigiwa, kwa kuwa gharama iliyokwepwa haikupotea, ilihama. Mama aliye shamba akimbipu mwanawe mwenye mshahara mjini, mzigo umetoka bega dhaifu umekwenda bega lenye nguvu, na wote wawili wameridhia. Tajiri akimbipu kibarua wake, ili kibarua apige kwa senti zake na kupokea amri, mzigo umemlalia mnyonge. Tena mnyonge huyo hana hiari: akinyamaza ataitwa mkaidi, na kazi yake i hatarini. Mlio ni ule ule, na kanuni ya kampuni haioni tofauti, dhamiri huiona.

Kwa hiyo uhalali wa njia ya mkato haupimwi kwa udhaifu wa mlango peke yake. Hupimwa kwa bega lililopokea mzigo, na kwa uhuru wa mwenye bega hilo kuukubali au kuukataa. Siku hizi vifurushi vya muda wa maongezi na intaneti vimepunguza haja ya kubipu, lakini vizuizi vipya huzaliwa kila siku, na werevu nao haulali. Werevu unaompunguzia mnyonge taabu ni neema. Unaomwongezea ni udhalimu, hata ukiwa mdogo kama mlio mmoja.