Anza na Jedwali Moja

Wewe unayesimamia kanzidata ya zahanati, achana na GRANT ALL. Achana nayo leo! Najua ilivyoanza: programu iligoma, foleni ikarefuka, bosi akakusimamia kichwani, ukampa mtumiaji ruhusa zote ili kazi iende. Ukasema utarudi kuzipunguza. Hukurudi, na sasa keshia anaweza kusoma majibu ya vipimo vya jirani yake.

Hizo ni siri za watu, walizotoa kwa sababu wanaumwa. Kuzilinda ni kazi yako na unaiweza. Nyenzo hazina gharama wala si ngeni: mwaka 1976, Griffiths na Wade wa IBM walikwisha kueleza jinsi ya kutoa na kunyang'anya ruhusa za jedwali katika mfumo wa kanzidata wa System R.

Chukua PostgreSQL. Jedwali likiundwa, mwenyewe ni aliyeliunda; watumiaji wa kawaida hawaligusi mpaka wapewe. SELECT ni kusoma, INSERT kuongeza, UPDATE kurekebisha, DELETE kufuta. Keshia anahitaji nini? Asome malipo na kuongeza mapya, basi:

REVOKE ALL ON malipo, vipimo FROM keshia;
GRANT SELECT, INSERT ON malipo TO keshia;

Mistari miwili tu, na hawezi tena kufuta malipo wala kuchungulia vipimo.

Utakwama mahali, na hapo ndipo wengi hukimbilia tena GRANT ALL. Wewe kaza! Umempa ruhusa ya jedwali na bado anakataliwa? Angalia kama ana USAGE kwenye skima. Anasoma vizuri lakini kuongeza kunagoma? Huenda namba za risiti zinazalishwa na sikwensi, nayo inadai ruhusa yake. Umeifunga safu moja na bado anaiona? Ruhusa ya jedwali zima ndiyo inayompitisha. Iondoe, kisha mpe safu zinazomhusu tu. Mambo haya hayahitaji kipaji. Yanahitaji mtu asiyeondoka kwenye kiti mpaka ajue kwa nini seva imekataa.

Jioni hii, foleni ikiisha, fungua psql, andika \dp, usome nani ana nini. Anza na jedwali lenye siri nzito kuliko yote. Punguza ruhusa, halafu ingia kwa jina la keshia ujaribu kusoma vipimo. Seva ikikukatalia, hamia jedwali linalofuata.